Nukta Sita, Lugha Nyingi: Jinsi Maandishi ya Nukta Nundu Yanavyotumika Duniani

Maandishi ya nukta nundu, ambayo wengine huyaita breli, ni maandishi yanayosomwa kwa kupapaswa kwa ncha za vidole. Huundwa kwa nukta ndogo zilizoinuliwa juu ya karatasi nene, pakiti ya dawa, kitufe cha lifti au kifaa cha kielektroniki. Watu wengi hudhani kwamba hiyo ni lugha, na si ajabu kumsikia mtu akisema kuwa fulani "anajua lugha ya nukta nundu". Ukweli ni kwamba nukta nundu ni hati tu, kama zilivyo hati za Kilatini na Kiarabu, na kila lugha inayoitumia huzipa nukta zilezile kazi inayolingana na sauti na tahajia yake.

Mfano mmoja unatosha kulidhihirisha jambo hilo. Neno la Kiswahili "baba" huandikwa hivi kwa nukta nundu: ⠃⠁⠃⠁. Msomaji wa Kirusi akizipapasa nukta hizo atasoma vilevile "baba", lakini katika lugha yake neno hilo humtaja mwanamke, hasa mwanamke wa shamba. Mjapani atasoma silabi nne, i-a-i-a, zisizomwambia kitu. Mkorea atakutana na konsonanti nne za kufungia silabi, bila ya irabu hata moja. Nukta zenyewe hazikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni makubaliano ya wale wanaozisoma.

Makubaliano hayo ndiyo yanayoamua kama mtu asiyeona ataweza kusoma kwa lugha yake mwenyewe, na kama kitabu kilichochapwa katika nchi moja kitasomeka katika nchi jirani. Kwa muda wa miaka karibu 200 yamejengwa, yakavunjwa na kujengwa tena.

Asili ya mfumo

Mwasisi wa hati hii ni Mfaransa Louis Braille, aliyezaliwa tarehe 4 Januari 1809 katika kijiji cha Coupvray, mashariki ya Paris. Baba yake alikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Louis alipokuwa na umri wa miaka 3 alijichoma jicho kwa chombo chenye ncha kali katika karakana ya baba yake. Jicho hilo liliingia maradhi, la pili likafuata, na hatimaye akapofuka kabisa. Mwaka 1819 alipelekwa Paris, katika shule ya vijana wasioona ambayo chimbuko lake ni kazi iliyoanzishwa na Valentin Haüy mwaka 1785.

Wakati huo wanafunzi wa shule hiyo walisoma herufi za kawaida za Kilatini zilizochapwa kwa kuinuliwa juu ya karatasi. Herufi hizo zilikuwa rahisi kwa walimu wanaoona, lakini zilikuwa ngumu kwa vidole, na mwanafunzi hakuwa na njia nyepesi ya kuziandika mwenyewe. Ndipo Charles Barbier, aliyewahi kuwa afisa wa jeshi, alipoileta shuleni hapo namna nyingine ya kuandika, yenye nukta 12 zilizowakilisha sauti za Kifaransa.

Kijana Braille aliona thamani ya nukta, lakini aliona pia kasoro mbili. Kwanza, umbo la nukta 12 lilikuwa kubwa kuliko ncha ya kidole, hivyo msomaji hakuweza kulitambua kwa mguso mmoja. Pili, mfumo wa Barbier uliandika sauti peke yake bila ya kufuata tahajia, wala haukuwa na tarakimu na alama za vituo. Ilipofika mwaka 1824, Braille akiwa na umri wa miaka 15, alikuwa amekwisha kuzipunguza nukta hadi 6. Maelezo ya mfumo wake yalichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1829. Alifariki dunia tarehe 6 Januari 1852, na Ufaransa ikaukubali mfumo huo rasmi mwaka 1854, yeye akiwa kaburini kwa miaka miwili.

Seli moja na kazi zake

Msingi wa nukta nundu ni umbo dogo la mstatili linaloitwa seli. Seli ina nafasi sita za nukta, zilizopangwa katika safu mbili za wima. Safu ya kushoto ina nukta ya 1, 2 na 3 kutoka juu kwenda chini, na safu ya kulia ina nukta ya 4, 5 na 6. Kila nafasi huweza kuwa na nukta au kuwa tupu, kwa hiyo mipangilio yote inayowezekana ni 64, ukihesabu na seli iliyo tupu kabisa ambayo hutenganisha maneno.

Braille hakuigawa mipangilio hiyo kwa kubahatisha. Herufi kumi za mwanzo, kutoka a hadi j, hutumia nukta nne za juu peke yake: a ni nukta ya 1, b ni nukta ya 1 na 2, c ni nukta ya 1 na 4. Herufi kumi zinazofuata, kutoka k hadi t, ni zilezile za mwanzo zikiongezwa nukta ya 3. Kwa mpango huo k ni a yenye nukta ya 3, na l ni b yenye nukta ya 3. Herufi u, v, x, y na z hupatikana kwa kuongeza nukta ya 3 na ya 6. Herufi w haimo katika mpangilio huo, kwa sababu Kifaransa cha zama za Braille hakikuihitaji. Ilipoongezwa baadaye ilipewa nukta ya 2, 4, 5 na 6.

Kwa kuwa mipangilio ni michache, seli moja hulazimika kubeba kazi nyingi. Tarakimu hazina seli zake katika mfumo unaotumika zaidi. Huwekwa kwanza alama ya namba, yenye nukta ya 3, 4, 5 na 6, kisha herufi a hadi i husomwa kuwa 1 hadi 9, na j husomwa kuwa 0. Hivyo mwaka 1809 huandikwa kwa seli tano. Seli ya herufi d ni herufi katika sentensi, ni 4 baada ya alama ya namba, na ni noti ya do katika muziki. Braille mwenyewe, aliyekuwa mpiga kinanda wa kanisani, ndiye aliyeuwekea muziki msingi huo. Hadi leo maandishi ya muziki ndiyo sehemu ya nukta nundu inayofanana zaidi baina ya mataifa: mwanamuziki wa Nairobi na mwenzake wa Tokyo huweza kusoma noti zilezile, ingawa hawawezi kusomeana barua.

Uandishi nao una sura yake. Anayetumia kibao na kalamu ya chuma hutoboa karatasi kwa upande wa nyuma, akianzia kulia kwenda kushoto, ili karatasi inapogeuzwa nukta zisomwe kutoka kushoto kwenda kulia. Mashine ya Perkins, iliyoanza kutolewa nchini Marekani mwaka 1951, iliondoa usumbufu huo. Ina vibonyezo sita, kimoja kwa kila nukta, na maandishi hutokea juu ya karatasi tayari kwa kusomwa.

Vita vya nukta

Nukta nundu zilipovuka mipaka ya Ufaransa, swali la kwanza lilikuwa hili: je, herufi b ya Kiingereza au ya Kijerumani itumie nukta zilezile za b ya Kifaransa, au kila taifa lijipangie upya? Mkutano wa kimataifa uliofanyika Paris mwaka 1878 uliamua kuunga mkono mpangilio wa Braille, na nchi nyingi za Ulaya zikaufuata.

Marekani ilikwenda njia nyingine. Huko kulikuwa na mfumo wa New York, uliotumia nukta zilizolazwa katika mistari miwili ya mlalo badala ya safu mbili za wima. Kulikuwa pia na mfumo ulioitwa breli ya Kimarekani, uliotumia seli ya nukta sita lakini ukabadilisha thamani za herufi, ili zile zinazotokea mara nyingi katika Kiingereza zipate nukta chache. Kila mfumo ulikuwa na hoja zake na watetezi wake. Wakati huohuo vitabu vya Uingereza vilichapwa kwa mpangilio wa Kifaransa.

Walioumia katika ushindani huo ni wasomaji. Nchi moja, yenye lugha moja, ilichapa vitabu kwa mifumo isiyosomana, na fedha chache zilizopatikana kwa ajili ya vitabu vya wasioona zikagawanyika. Helen Keller, mwandishi mashuhuri wa Marekani aliyekuwa haoni wala hasikii, alilazimika kujifunza mifumo kadhaa ili aweze kusoma vilivyokuwapo. Mvutano huo, uliokuja kuitwa vita vya nukta, ulimalizika mwaka 1932, pale wawakilishi wa Uingereza na Marekani walipokubaliana juu ya breli moja ya Kiingereza.

Mfumo wa New York ulikuwa umekwisha kusafiri mbali kabla ya kuachwa. Katika miaka ya 1890 daktari mmisionari wa Kimarekani, Rosetta Sherwood Hall, aliutumia kuwafundishia wasioona nchini Korea. Wakorea walilazimika kusubiri hadi mwaka 1926 kupata mfumo wa nukta sita unaolingana na lugha yao.

Kiarabu, Kihindi na juhudi za UNESCO

Lugha zisizotumia herufi za Kilatini zilikuwa na mtihani mkubwa zaidi. Kufikia katikati ya karne ya 20, India ilikuwa na mifumo kadhaa iliyotofautiana, na Kiarabu nacho kiliandikwa kwa namna zaidi ya moja. Mwaka 1949 serikali ya India iliiomba UNESCO isaidie kuleta umoja. Kazi hiyo iliongozwa na Clutha Mackenzie wa New Zealand, aliyepoteza uwezo wa kuona vitani Gallipoli mwaka 1915. Mkutano ulifanyika Paris mwaka 1950, ukafuatiwa na mwingine mjini Beirut mwaka 1951, na matokeo yakakusanywa katika kitabu cha UNESCO cha mwaka 1953 kuhusu matumizi ya breli duniani.

Kanuni kuu iliyofuatwa ni nyepesi kuieleza: pale inapowezekana, sauti inayofanana ipewe nukta zinazofanana, bila ya kujali umbo la herufi katika maandishi ya wino. Kwa hiyo ba ya Kiarabu, b ya Kiswahili na б ya Kirusi zote ni nukta ya 1 na 2. Beta ya Kigiriki nayo ni hivyohivyo, ingawa Wagiriki wa leo huitamka v.

Kwa Kiarabu, uamuzi huo ulileta jambo ambalo huwashangaza wanaoona. Kiarabu cha wino huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, lakini Kiarabu cha nukta nundu husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, kama ilivyo kwa Kiebrania. Aidha, herufi ya Kiarabu hubadilika umbo ikiwa mwanzoni, katikati au mwishoni mwa neno, ilhali katika nukta nundu haibadiliki. Neno "bab", yaani mlango, huandikwa ⠃⠁⠃, na Mswahili asiyejua Kiarabu anaweza kulitamka bila ya shida. Ugumu huanza kwenye herufi zisizo na mwenzake katika Kilatini. Ain hupewa nukta ya 1, 2, 3, 5 na 6, sad hupewa nukta ya 1, 2, 3, 4 na 6, na hizi lazima zifundishwe upya. Mwanafunzi wa pwani anayesoma Kiswahili shuleni na msahafu wa nukta nundu madrasa hubeba vidoleni mifumo miwili yenye sehemu kubwa inayoshabihiana.

Kwa India, matokeo yalikuwa breli iitwayo Bharati, inayotumiwa na lugha nyingi za Bara Hindi. Kihindi, Kibengali na Kitamil zina hati tatu tofauti za wino, na anayejua moja hawezi kusoma nyingine kwa macho. Kwa vidole, sauti ka ni ileile katika zote tatu: nukta ya 1 na 3. Breli hiyo hufuata pia mwendo wa sauti. Katika Kihindi cha wino, alama ya irabu fupi i huandikwa kabla ya konsonanti ingawa hutamkwa baada yake. Katika nukta nundu huandikwa inapotamkwa. Na neno "baba", ambalo kwa Kihindi pia humtaja mzazi au mzee, huandikwa ⠃⠜⠃⠜, kwa sababu irabu yake ni ndefu na ina seli yake.

Lugha zilizojenga mifumo yake

Kijapani hakikufuata herufi za Kifaransa. Ishikawa Kuraji, mwalimu wa shule ya wasioona mjini Tokyo, alitunga mfumo uliokubaliwa mwaka 1890, ambao huigawa seli yenyewe katika sehemu mbili za kazi. Nukta ya 1, 2 na 4 hubeba irabu, na nukta ya 3, 5 na 6 hubeba konsonanti. Irabu a ni nukta ya 1. Ikiongezwa nukta ya 6 huwa ka. Ikiongezwa nukta ya 3 huwa na. Seli moja hutoa silabi nzima. Nukta ya 1 na 3, ambazo kwetu ni herufi k, kwa Mjapani ni silabi na. Kijapani cha wino hutumia pia maelfu ya herufi zenye asili ya Kichina na hakitenganishi maneno kwa nafasi. Kijapani cha nukta nundu huandika sauti, na kwa hiyo huweka nafasi ili msomaji asipotee.

Mfumo wa Kikorea wa mwaka 1926 ni kazi ya mwalimu Park Du-seong, aliyeutunga nchi yake ikiwa chini ya utawala wa Japani. Silabi ya Kikorea huwa na konsonanti ya mwanzo, irabu, na mara nyingi konsonanti ya kufungia. Park aliyapa makundi hayo nukta tofauti. Sauti g ikianza silabi ni nukta ya 4, na ikifunga silabi ni nukta ya 1, yaani nukta ileile iliyosogezwa upande wa pili wa seli. Msomaji hutambua mpaka wa silabi bila ya kuambiwa.

Kichina kilikuwa na swali gumu kuliko yote, kwa kuwa maelfu ya herufi zake hayawezi kuingia katika mipangilio 63. Mfumo unaotumika China bara, uliotungwa mwaka 1952 na Huang Nai, ambaye mwenyewe alikuwa haoni, huandika matamshi: seli moja kwa mwanzo wa silabi, moja kwa mwisho wake, na ya tatu kwa toni. Kwa miaka mingi waandishi waliiacha seli ya toni ili kuokoa karatasi. Hasara yake huonekana katika maneno mawili ya kila siku: "kununua" na "kuuza" kwa Kichina sanifu hutofautiana kwa toni tu, na toni ikiachwa huandikwa sawasawa. Mwaka 2018 China ilitoa kanuni mpya za kitaifa zinazotaka toni ziandikwe, pamoja na taratibu za kuziacha mahali pasipo na utata. Kisiwani Taiwan hutumika mfumo mwingine kwa lugha hiyohiyo ya Kichina sanifu, kwa hiyo kitabu cha Beijing hakisomeki Taipei mpaka msomaji ajifunze upya.

Karibu na Afrika Mashariki kuna mfano wa Ethiopia. Hati ya Kiamhari na Kitigrinya huandika silabi nzima kwa herufi moja, na herufi hizo ni mamia. Katika nukta nundu silabi hiyo huvunjwa: konsonanti hupata seli yake na irabu hupata yake, kama inavyofanyika katika Kiswahili. Msomaji asiyeona wa Addis Ababa hujifunza alama chache kuliko ndugu yake anayeona.

Ufupisho na hatari zake

Kitabu cha nukta nundu huwa kikubwa mno. Karatasi yake ni nene, seli haziwezi kupunguzwa ukubwa, na kitabu kimoja cha wino huweza kuwa majuzuu kadhaa. Kwa sababu hiyo lugha nyingi zina vifupisho. Katika Kiingereza seli moja huweza kusimama badala ya neno zima au kundi la herufi: nukta ya 2, 3, 4 na 6 ni "the", nukta ya 1, 2, 3, 4 na 6 ni "and", na seli iliyojaa nukta zote sita ni "for".

Hapa ndipo lugha zinapoachana kabisa. Seli iliyojaa nukta sita ni "for" kwa Mwingereza, ni é kwa Mfaransa, ni dhaa nzito, yaani ظ, kwa Mwarabu, na ni silabi me kwa Mjapani. Herufi kubwa nayo hutangulizwa na nukta ya 6 katika Kiingereza, na nukta ya 4 na 6 katika Kifaransa, na katika Kiarabu haipo. Mkongo au Mrundi aliyesomea nukta nundu za Kifaransa akihamia Uganda au Kenya hukuta herufi nyingi ni zilezile anazozijua, lakini ukurasa wa Kiingereza uliofupishwa humkwamisha tangu mstari wa kwanza.

Hata ndani ya lugha moja ufupisho umehitaji mashauriano. Nchi zinazotumia Kiingereza zilikuwa na kanuni zilizotofautiana, hasa katika hesabu na sayansi. Mwaka 2004 baraza lao la kimataifa lilipendekeza breli ya Kiingereza iliyounganishwa. Afrika Kusini, Nigeria na Australia zilikuwa miongoni mwa za mwanzo kuikubali, na Marekani iliianza rasmi tarehe 4 Januari 2016.

Kiswahili miongoni mwa jirani zake

Kiswahili kina bahati katika jambo hili. Kabla ya kuandikwa kwa herufi za Kilatini kiliandikwa kwa karne nyingi kwa herufi za Kiarabu, lakini elimu ya wasioona ilipoanza kuenea Afrika Mashariki, tahajia sanifu ya Kilatini ilikuwa imekwisha kukubaliwa. Shule ya wasioona ya Thika nchini Kenya ilianzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946. Nchini Tanzania, shule ya wasioona ya Buigiri, mkoani Dodoma, ni miongoni mwa kongwe. Mwalimu hakuhitaji kubuni thamani mpya za herufi. Irabu tano na konsonanti za Kiswahili zote zina nafasi katika mpangilio wa kimataifa, na kwa kuwa Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, mtoto aliyezijua herufi huweza kusoma neno lolote.

Ndiyo maana kitabu cha Kiswahili kilichoandikwa herufi kwa herufi mjini Nairobi husomeka Dodoma na Bujumbura, hata kama Mkenya anayaita maandishi hayo breli na Mtanzania anayaita nukta nundu. Katika chaguzi za Tanzania, mpiga kura asiyeona aliyejifunza kuyasoma huweza kutumia kifaa maalumu chenye nukta nundu kinachoshika karatasi ya kura, akachagua pasipo mtu mwingine kuijua kura yake.

Mtihani kwa mwanafunzi wa Kiswahili hutokea anapofundishwa lugha mbili kwa pamoja. Vidole vilivyozoea Kiingereza kilichofupishwa hupenda kuona kifupisho kila mahali. Mwalimu hana budi kumkumbusha kwamba amebadilisha lugha, na kwa hiyo amebadilisha kanuni.

Kompyuta isiyojua lugha

Kosa hilohilo hufanywa na mashine. Mwaka 1999 mipangilio ya nukta nundu iliingizwa katika Unicode, orodha ya kimataifa ya herufi za kompyuta. Iliingizwa mipangilio 256, kwa kuwa kompyuta hutumia pia seli ya nukta nane. Inafaa kuzingatia kwamba orodha hiyo haisemi kuwa ⠃ ni b. Huitaja tu kwa nukta zake, ya 1 na ya 2, kwa sababu waandalizi wake walijua kwamba thamani ya seli huamuliwa na lugha.

Programu zinazogeuza maandishi ya kawaida kuwa nukta nundu hutegemea jedwali la lugha husika. Jedwali likikosewa, matokeo huharibika. Maandishi ya Kiswahili yakipitishwa katika jedwali la Kiingereza kilichofupishwa, neno "andika" litaanza na kifupisho cha "and", "thelathini" litaanza na kifupisho cha "the", na "forodha" litaanza na seli iliyojaa nukta sita. Mzee aliyejifunza nukta nundu kwa Kiswahili peke yake atapapasa ukurasa huo na kudhani kuwa vidole vyake vimemsaliti. Kumbe kosa ni la aliyeacha kuchagua lugha kabla ya kuchapa. Anayeandaa mtihani, fomu ya hospitali au tangazo la serikali hana budi kumpa msomaji asiyeona aukague ukurasa kabla ya kuusambaza.

Kuvuka mipaka

Kwa miaka mingi kikwazo kingine cha vitabu kilikuwa sheria za hakimiliki, ambazo katika nchi nyingi zilizuia kutengeneza nakala ya nukta nundu bila ya idhini, au kuipeleka nchi nyingine. Mkataba wa Marrakesh, uliopitishwa tarehe 27 Juni 2013 na kuanza kutumika tarehe 30 Septemba 2016, unazitaka nchi wanachama ziruhusu nakala hizo na kubadilishana kwake. Kenya, Uganda na Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizojiunga.

Hata hivyo mkataba hufungua mpaka tu. Kitabu kikishavuka, kitamfaa msomaji ikiwa nukta zake zimefuata kanuni anazozijua. Kiingereza kilipoteza miongo kadhaa kwa kukosa makubaliano hayo, na Kichina bado kina mifumo miwili. Kiswahili, kinachozungumzwa katika nchi nyingi zenye wizara na mitaala mbalimbali, kina herufi moja zinazokubalika na wote. Masuala yaliyobaki, kama vile vifupisho, alama za hesabu na majedwali ya kompyuta, yanahitaji kuamuliwa kwa pamoja na nchi hizo, wakiwamo wasomaji wenyewe, kabla kila moja haijazoea njia yake.

Umoja wa Mataifa uliitangaza tarehe 4 Januari, siku aliyozaliwa Louis Braille, kuwa Siku ya Breli Duniani, na iliadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2019.